Mwanachama wa 128 haonekani: kutafuta chanzo cha hitilafu katika programu za objekti

Mhazini wa chama cha akiba cha madereva wa boda pale Busia, upande wa Uganda, alinipigia simu asubuhi. "Mwanangu, hawa wapya hawaonekani. Wa zamani nikiandika namba zao wanakuja. Wapya nikiandika, kompyuta inasema hakuna. Na pesa zao nimezipokea kwa mkono wangu."

Nikamwuliza, "Mama, wapya kuanzia namba ngapi?"

Akapekua daftari. "Kuanzia mia moja ishirini na nane."

Namba hiyo ilinipa jibu kabla sijafungua kompyuta. Nitaieleza sasa hivi, lakini kwanza niseme kwa nini naandika. Vijana ninaowafundisha lugha za programu za Java na Python wakikutana na hitilafu, hukimbilia pale ilipoonekana. Ripoti imekosea, basi wanaichokonoa ripoti. Katika programu za objekti, yaani zinazojengwa kwa vipande vinavyobeba data pamoja na kazi zake, pale kosa linapoonekana mara nyingi sipo lilipozaliwa. Objekti moja imeshikwa na sehemu tano za programu, mmoja wa hao watano ameigusa vibaya, na mwingine ndiye anayelia. Kwa hiyo hapa nimeanzia kwenye dalili, kwa maneno yaleyale ambayo mhazini au karani atakwambia kwenye simu, kisha narudi nyuma hadi kwenye chanzo. Swali ninalotembea nalo ni moja: objekti hii ni ya nani, na nani mwingine ameishika?

"Wa zamani wanapatikana, wapya hawapatikani"

Msimbo wa kutafuta mwanachama ulikuwa hivi:

```
Mwanachama tafuta(Integer namba) {
    for (Mwanachama m : wote) {
        if (m.getNamba() == namba) return m;
    }
    return null;
}
```

Methodi (yaani kazi iliyopewa jina) `getNamba()` nayo inarudisha `Integer`. Hapo ndipo penye shida. `int` ni namba yenyewe. `Integer` ni objekti iliyobeba namba ndani yake. Alama `==` ikiwekwa kati ya objekti mbili haiulizi kama zimebeba namba ileile. Inauliza kama ni objekti moja. Na Java, ili kuokoa kumbukumbu, hutunza objekti zilizo tayari za namba kuanzia -128 hadi 127, ikawa inazigawa hizohizo kila zinapohitajika. Namba 127 iliyo kwenye orodha na 127 iliyotoka kwenye fomu ni objekti moja, `==` inakubali. Namba 128 iko nje ya mpaka huo: ya orodhani ni objekti yake, ya kwenye fomu ni nyingine. Zinafanana kama mapacha, lakini mapacha ni watu wawili.

Sisi tulikuwa tumeijaribu programu kwa wanachama kumi. Ilifanya kazi miezi mingi bila doa, kwa sababu chama kilikuwa bado kidogo.

Tiba: tumia `m.getNamba().equals(namba)`, inayolinganisha namba zilizo ndani, au `Objects.equals(a, b)` kama mojawapo inaweza kuwa `null`, yaani hakuna kitu. Kama namba haiwezi kukosekana kamwe, tumia `int` moja kwa moja na shida itaondoka yenyewe. `Long` ina mpaka uleule wa 127, hivyo kubadilisha `Integer` iwe `Long` hakusaidii kitu.

Maneno yana mtego huohuo. Ukiandika `"Busia" == "Busia"` ndani ya msimbo utapata kweli, kwa kuwa Java huweka nakala moja ya maneno yaliyoandikwa hivyo. "Busia" iliyotoka kwenye fomu au hifadhidata ni objekti nyingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nikijaribu mwenyewe inafanya kazi, karani akitumia inakataa", tafuta `==` kati ya maneno kabla ya kutafuta jambo lingine lolote.

"Nimemwandikisha mara moja, yuko mara mbili"

Hapa kuna vyanzo vitatu, na nimewahi kuvikuta vyote katika programu moja.

Cha kwanza ni namba ya simu. Mwanachama yuleyule ameandikwa leo kwa 0772, kesho kwa 256772, keshokutwa kwa +256772. Kwa binadamu ni simu moja. Kwa programu iliyohifadhi simu kama maneno matupu, ni watu watatu. Wengine hukimbilia kuihifadhi kama `int`, na hapo mambo yanazidi kuharibika: sifuri ya mwanzo inapotea, na yenye 256 mbele ina tarakimu 12 ambazo haziingii kabisa katika `int`. Ukiandika sifuri hiyo ndani ya msimbo wa Java ni hatari zaidi, maana namba inayoanza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane. `0772` ya Java ni 506. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi; siyo namba ya hesabu. Itengenezee klasi yake (kiolezo cha kutengenezea objekti), `NambaYaSimu`, ambayo konstrakta yake, sehemu inayozaa objekti mpya, inapokea maandishi ya namna yoyote, inayageuza kuwa umbo moja, na inakataa yasiyofaa. Baada ya hapo hakuna sehemu nyingine ya programu inayohitaji kujua habari za sifuri na 256.

Cha pili ni `equals` iliyoandikwa kwa umbo lisilo lake:

```
public boolean equals(Mwanachama m) {
    return this.simu.equals(m.simu);
}
```

Inapendeza kuisoma, na haitumiki. Orodha za Java huita `equals(Object)`. Hii inapokea `Mwanachama`, kwa hiyo ni methodi nyingine kabisa yenye jina linalofanana, na ile ya asili iliyorithiwa inaendelea kulinganisha kama ni objekti moja. Weka `@Override` juu ya kila methodi unayokusudia kuchukua nafasi ya ile ya mzazi, yaani klasi ambayo yako imejengwa juu yake. Ukiwa umekosea umbo, kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, itakataa papo hapo. Neno hilo moja limeniokolea siku nyingi.

Cha tatu: umeandika `equals` sawasawa, lakini umesahau `hashCode`, namba ambayo objekti hutoa ili ipatikane haraka. Sheria ni kwamba objekti mbili zinazolingana kwa `equals` lazima zitoe `hashCode` ileile. Ukiivunja, `HashSet`, mkusanyiko usiotakiwa kupokea vitu viwili vinavyolingana, inaweza kuwapokea wote wawili bila kujua wanalingana. Katika Java 16 na kuendelea, `record`, aina fupi ya klasi, inakuandikia zote mbili, na kwa vitu vidogo kama namba ya simu sioni sababu ya kuandika klasi ndefu tena.

"Jana alikuwepo, leo hayupo, na hakuna aliyemfuta"

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu zaidi, kwa kuwa ukichapisha orodha nzima unamwona, ukimtafuta unaambiwa hayupo.

Fikiria masanduku ya posta. Karani anapokea barua, anaangalia namba, anaiweka kwenye sanduku lenye namba hiyo. Ukija kuchukua barua anakwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Hapekui masanduku yote. `HashSet` na `HashMap` hufanya kazi hivyo. `hashCode` ndiyo inayosema sanduku ni lipi. Sasa mwanachama amewekwa sandukuni kwa kufuata namba yake ya simu. Wiki ijayo anabadilisha laini, na wewe unaita `m.setSimu(mpya)`. Objekti imebadilika ikiwa palepale ilipo. Ukimtafuta, Java inakokotoa `hashCode` mpya, inakwenda sanduku jingine, haioni mtu. Barua iko, imelala katika sanduku la zamani.

Jinsi ya kuthibitisha: chapisha `wote.contains(m)` kabla na baada ya kubadilisha simu. Ikitoka `true` kisha `false`, umepata.

Tiba ya haraka ni kumtoa kwanza, kumbadilisha, kisha kumrudisha. Siipendi, kwa sababu inategemea kila atakayegusa msimbo huo akumbuke. Tiba ninayoiamini ni kujenga `hashCode` juu ya kitu kisichobadilika kamwe: namba ya uanachama aliyopewa siku ya kuingia, iliyowekwa kama `final`, yaani haibadilishwi tena. Simu hubadilika, jina hubadilika mtu akiolewa, steji (kituo chake cha boda) hubadilika. Namba ya uanachama inabaki.

"Steji moja ikiweka, zote zinaongezeka"

Katika Python chanzo karibu kila mara ni hiki:

```
class Steji:
    madereva = []

    def ongeza(self, dereva):
        self.madereva.append(dereva)
```

Orodha imetangazwa kwenye klasi, nje ya `__init__`, konstrakta ya Python. Kwa hiyo ipo moja tu, na steji ya sokoni na ile ya forodhani zinaandika katika daftari moja. Ihamishie ndani: `self.madereva = []` katika `__init__`. Ndugu wa kosa hili ni `def __init__(self, madereva=[])`. Orodha hiyo ya ndani ya mabano hutengenezwa mara moja tu, wakati Python inaposoma tamko la methodi, kisha kila objekti iliyozaliwa bila kupewa orodha inapewa hiyohiyo. Weka `None`, halafu tengeneza orodha mpya ndani.

Katika Java mwenye kosa huwa ni neno `static`, linalofanya kitu kiwe cha klasi nzima badala ya objekti moja, na najua linavyoingia. Mwanafunzi yuko ndani ya `main`, mahali programu inapoanzia, anaita `weka(5000)`. Kompaila inamwambia kwamba methodi isiyo `static` haiwezi kuitwa kutoka mahali palipo `static`. Anaongeza `static` kwenye methodi. Sasa kompaila inalalamikia salio. Anaongeza `static` kwenye salio. Mistari mekundu inaisha, naye anafurahi. Lakini tangu dakika hiyo chama kizima kina salio moja, na kila mwanachama akiangalia anaona pesa za wenzake. Kompaila haikuwa inaomba `static`. Ilikuwa inauliza: salio la nani? Jibu ni kutengeneza objekti kwanza, `Akaunti a = new Akaunti();`, kisha `a.weka(5000)`.

Ninapopokea msimbo wa kijana ambao "unachanganya watu", kitu cha kwanza ninachofanya ni kutafuta neno `static` katika faili zote na kumwomba anieleze kila moja. Kwa kawaida tunamaliza hapo.

"Nikichapisha ripoti, salio linashuka"

Kusoma kunabadilisha data? Ndiyo, kama umemkabidhi msomaji daftari lenyewe badala ya nakala.

```
public List<Mchango> getMichango() {
    return michango;
}
```

Shamba, yaani kigeu kilicho ndani ya objekti, limetangazwa `private`, na aliyeandika anaamini amelifunga. Lakini getter hii, methodi ya kusomea shamba, inatoa ufunguo. Mwandishi wa ripoti alitaka kuonyesha michango inayozidi shilingi 10,000 tu, akaandika `getMichango().removeIf(...)`. Kwake ilikuwa orodha ya kuchapisha. Kwa akaunti ilikuwa ndiyo michango yenyewe, na ile midogo imefutika. Salio linakokotolewa kwa kujumlisha michango, basi limeshuka. Mhazini anaona pesa zimepungua kila ripoti ikitoka, na katika chama cha watu wanaofahamiana, jambo la kwanza kusemwa halitakuwa "programu ina kosa". Watu watatazamana. Ndiyo maana kosa hili nalichukulia kwa uzito kuliko lile linaloangusha programu mchana kweupe.

Rudisha `List.copyOf(michango)`. Anayejaribu kuibadilisha atapata eksepsheni, yaani kosa linalosimamisha kazi, hapohapo, kwenye mstari wake mwenyewe, na kosa litaonekana mahali lilipozaliwa. Fanya hivyo pia mlangoni: konstrakta inayopokea orodha iinakili kabla ya kuihifadhi, kwa sababu aliyekupa bado ameishika. Kumbuka tu kwamba nakala hii ni ya orodha. Objekti za `Mchango` zilizo ndani ni zilezile. Kama `Mchango` ina `setKiasi`, mlango mwingine bado uko wazi. Mchango uliokwisha kupokelewa haupaswi kuwa na `setKiasi`. Kama karani amekosea, andika mchango wa kusahihisha, kama anavyofanya mhazini kwa kalamu kwenye daftari lake.

Tarehe za zamani za Java, `java.util.Date`, zina ugonjwa huuhuu: ukimpa mtu tarehe ya mkopo anaweza kuibadilisha kwa `setTime`. Tangu Java 8 ya 2014 kuna `LocalDate`, ambayo haibadiliki. Itumie, na utaepuka pia ile kadhia ya Januari kuhesabiwa kama mwezi wa 0.

"Jina ni tupu"

Angalia konstrakta kwanza. `jina = jina;` haina maana yoyote: kigeu kilichopokelewa kinajipa chenyewe, na shamba la objekti linabaki `null`. Inatakiwa `this.jina = jina;`. Ukitangaza shamba hilo `final`, kompaila itakukatalia kosa hili isikuache ulipeleke kwa watu.

Kama konstrakta iko sawa na bado jina ni tupu, angalia kama kuna urithi. Konstrakta ya mzazi ikiita methodi ambayo mtoto ameiandika upya, methodi ya mtoto itafanya kazi kabla mashamba ya mtoto hayajajazwa. Atasoma `null` mahali ambapo wewe kwa macho yako unaona thamani imeandikwa. Usiite ndani ya konstrakta methodi inayoweza kuandikwa upya.

Kuhusu `null` yenyewe: aliyeileta, mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, mwaka 1965 akibuni lugha ya ALGOL W, alisema hadharani mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni. Ukiona `NullPointerException`, soma nyayo zake (stack trace, orodha ya mistari iliyopitiwa) kutoka juu ukitafuta mstari wa kwanza wenye jina la faili yako. Kama kuna "Caused by", nenda kwenye ile ya mwisho kabisa. Kuanzia Java 15 ujumbe wenyewe unataja ni kigeu kipi kilikuwa `null`. Halafu usikimbilie kuweka `if (x != null)` pale pale. Uliza kwa nini ilifika hapo ikiwa tupu. Ile `return null` ya methodi yetu ya kutafuta ni mfano mzuri: ingerudisha `Optional<Mwanachama>`, kila anayeita angelazimika kusema atafanya nini mtu asipopatikana.

"Hesabu hazifungi"

Uliza zimepotea kiasi gani, maana ukubwa wa pengo unakuonyesha chanzo.

Pengo la shilingi moja au mbili: umetumia `double`, namba zenye nukta. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu katika namba za msingi wa mbili, ndiyo maana 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Ukigawa riba kwa watu mia mbili na kukata kila mgao kuwa shilingi kamili, vipande hivyo vinajikusanya. Shilingi ya Uganda katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, haina tarakimu baada ya nukta, kwa hiyo `long`, namba kamili kubwa, inatosha kuhifadhi kiasi. Kwa riba tumia `BigDecimal`, inayotunza desimali kwa ukamilifu, uitengeneze kwa maandishi, `new BigDecimal("0.1")`, na useme wazi unavyotaka kukadiria tarakimu za mwisho. Linganisha kwa `compareTo`; kwa `equals` ya `BigDecimal`, 2.0 na 2.00 hazilingani.

Riba ni sifuri kwa kila mtu: umeandika `salio * (5 / 100)`. Tano gawa kwa mia katika namba kamili ni sifuri. Zidisha kwanza, ugawe baadaye.

Jumla imekuwa hasi, tena hasi kubwa ya kutisha: umejumlisha kwa `int`. Mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola ni fedha nyingi mno. Kwa shilingi za Uganda, chama chenye wanachama wengi na mikopo ya miaka kadhaa kinafika hapo, na ikipita Java inageukia upande wa hasi bila kusema neno. Mifano mingi tunayojifunzia iliandikwa na watu wa sarafu nzito, ndiyo maana haituonyi. Tumia `long`, na `Math.addExact`, ambayo itatupa eksepsheni badala ya kunyamaza.

Pengo la mara ishirini na zaidi: hapo ni sarafu. Busia mfanyabiashara ana shilingi za Uganda mfuko huu na za Kenya mfuko ule, na ya Kenya moja inanunua zaidi ya ishirini za Uganda. Methodi `weka(long kiasi)` haijui imepewa zipi. Hakuna maelezo ya pembeni yatakayomzuia karani aliyechoka. Tengeneza klasi `Fedha` yenye kiasi na sarafu, na methodi `jumlisha` inayokataa sarafu zikitofautiana. Hii kwangu ndiyo faida halisi ya objekti: unalifundisha neno la biashara sheria yake mara moja, na msimbo wote uliobaki unaifuata.

"Inaanguka mwisho wa mwezi tu"

Klasi `Akaunti` ina `weka` na `toa`. Kisha chama kikaanzisha akiba ya muda, ambayo haitolewi hadi tarehe yake ifike. Kijana akaandika `AkauntiYaMuda extends Akaunti`, na ndani ya `toa` akatupa eksepsheni. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi usiku wa mwisho wa mwezi, kitanzi cha kukata ada kilipopita kwenye akaunti zote na kuita `toa`. Kilipofika kwenye akaunti ya muda ya kwanza kikaanguka. Waliotangulia wamekatwa ada, waliofuata hawajakatwa.

Vijana hutibu kwa kuweka `if (a instanceof AkauntiYaMuda)` kwenye kitanzi. Mwezi ujao inakuja aina nyingine ya akaunti na `if` nyingine. Chanzo ni kwamba urithi ulitoa ahadi ya uongo. Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta aliyepewa Tuzo ya Turing ya 2008, alilieleza wazo hili katika mhadhara wa 1987: popote panapokubali mzazi, mtoto aweze kusimama bila programu kuharibika. Akaunti isiyoweza kutolewa fedha haiwezi kusimama mahali pa inayoweza. Basi `toa` haistahili kuwa kwenye `Akaunti`. Iweke kwenye kiolesura chake (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo), `Inatoleka`, na kitanzi cha ada kipokee `List<Inatoleka>`. Kompaila itazuia akaunti ya muda isiingizwe humo.

Mara nyingi kijana amerithi kwa sababu alitaka kutumia mistari ishirini iliyokwisha kuandikwa. Kwa hilo kuna njia rahisi: weka objekti ile ndani ya klasi yako kama shamba na uitumie. Hata waliotengeneza Java waliteleza hapa: `Stack` yao inarithi `Vector`, kwa hiyo unaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo, jambo ambalo rundo halipaswi kuruhusu.

"Haisemi kitu, ila haifanyi"

Tafuta `catch` tupu, yaani sehemu ya kupokea eksepsheni isiyo na kitu ndani. Mtu alichoka na mistari mekundu, akaifunika.

```
try {
    malipo.thibitisha(kumbukumbu);
} catch (Exception e) {
}
```

Uganda imekuwa ikitumia pesa za simu tangu 2009, na karibu kila programu ya chama inaunganishwa nazo. Mtandao ukikatika katikati ya kuthibitisha, eksepsheni inamezwa, mwanachama amekatwa kwenye simu na chama hakina habari. Na anayeongeza "jaribu tena" bila kufikiri anaweza kumkata mara mbili, kwa sababu kukosa jibu hakumaanishi malipo yameshindikana. Hifadhi namba ya kumbukumbu ya muamala kabla ya kutuma, weka hali yake iwe "haijulikani", kisha uulize kwa namba ileile hadi ijulikane. Na eksepsheni usiyojua la kufanya nayo, iache ipande juu.

Mengine mafupi

`ConcurrentModificationException` wakati wa kufuta: unaondoa kwenye orodha huku kitanzi cha `for` kikiipitia. Tumia `removeIf`. Jihadhari, ukiondoa kilicho cha pili kutoka mwisho katika `ArrayList`, Java hailalamiki. Inamaliza kitanzi mapema na cha mwisho hakikaguliwi. Kwa hiyo ukimya hapa si dalili ya usalama.

Michango ya usiku inaingia siku ya nyuma: seva inatumia saa za UTC, saa rasmi za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Dereva wa boda anayeweka akiba kati ya saa sita na saa tisa usiku anaandikiwa jana. `LocalDate.now()` hufuata saa za mashine; andika `LocalDate.now(ZoneId.of("Africa/Kampala"))`. Kwenye kompyuta yako kosa hili halitaonekana kamwe, kwa kuwa yenyewe tayari iko kwenye saa za Kampala.

Na data ya kujaribia. Yetu sasa ina wanachama 300, wawili wenye jina moja, mmoja aliyebadilisha simu, mmoja asiye na simu kabisa, mchango mmoja wa saa nane usiku, akaunti moja ya muda, na jumla inayopita shilingi bilioni tatu. Kila hitilafu mpya inayoletwa na mhazini, kabla ya kuitibu tunaandika jaribio linaloshindwa kwa sababu hiyohiyo. La kwanza kabisa katika faili linaitwa `mwanachamaWa128Anapatikana`.